Wifi yangu anataka kuingia barabarani na baiskeli, na mimi ndiye mwalimu wake

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni fundi cherehani, ninaishi Tabata na mume wangu na watoto wetu wawili. Nilikulia Shinyanga, ambako baiskeli hubeba maji, magunia na hata wagonjwa, na sisi watoto tulijifunza kwa kupitisha mguu chini ya bomba la juu la baiskeli za baba zetu kabla hatujawa na urefu wa kukaa kwenye kiti. Nilipoolewa nikaja Dar es Salaam, nilishangaa kukuta wanawake wengi wa rika langu hawajawahi kupanda baiskeli maishani mwao. Jirani mmoja aliniomba nimfundishe, akaja na mwenzake, na sasa kila Jumapili asubuhi tunakutana kwenye uwanja wa shule ya msingi, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Wote ni watu wazima, na baadhi yao wana wajukuu.

Njia yangu ni rahisi. Simshikii mtu usukani. Ninashusha kiti hadi nyayo zake zote mbili zikanyage chini, kisha ninafungua pedali kwa spana, nikikumbuka kwamba ile ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa kinyume na nati za kawaida. Mwanafunzi anajisukuma kwa miguu, anainua nyayo kidogo, anashusha, anainua tena, mpaka baiskeli imbebe umbali wa kutosha bila yeye kugusa chini. Hapo ndipo ninapomrudishia pedali. Mtu mzima huogopa kuanguka kuliko mtoto, na nimeona kwamba akijua miguu yake inafika chini wakati wowote, woga huo hupungua wenyewe.

Miongoni mwa wanafunzi wangu yumo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwenye miaka 53. Mama yao alipofariki, ni yeye aliyemlea mume wangu na kumlipia ada kwa fedha za genge lake la mboga na matunda, ambalo analo mpaka leo. Nyumbani kwetu neno lake halirudishwi. Kila siku saa kumi na moja alfajiri hupanda bodaboda kwenda soko la Buguruni, hununua bidhaa, na hurudi kwa bodaboda nyingine, huku matenga yake yakiletwa na guta pamoja na ya wenzake. Nauli hiyo inamla faida. Tangu siku ya kwanza aliniambia wazi kwamba hakuja uwanjani kunyoosha viungo. Amekuja kujifunza kwenda sokoni.

Amejifunza vizuri kuliko nilivyotarajia. Anaondoka mwenyewe, anakata kona, anazunguka uwanja mzima bila kukanyaga chini. Lakini kila anapogeuza kichwa kutazama nyuma, usukani nao unafuata, na baiskeli inahama njia kwa karibu hatua mbili. Akitaka kusimama ghafla, hushusha miguu kwanza na kukamata breki baadaye. Mkono mmoja hajaweza kuuachia ili aonyeshe ishara. Nilipomweleza kwamba hayo ndiyo yanayohitajika barabarani, alinijibu kwa upole: "Wifi, mimi Barabara ya Mandela naivuka tangu wewe hujaujua huu mji." Akaongeza kwamba ataendesha upande wa kulia, ili magari yanayokuja ayaone usoni.

Amekwisha kununua baiskeli ya mtumba, yenye kikapu mbele na keria nyuma, na ametangaza kwamba mwezi ujao ukianza hapandi bodaboda tena. Mume wangu amekasirika. Anasema nimemtia dada yake tamaa ya hatari, na kwamba likimpata la kumpata, familia nzima itaniuliza mimi. Anataka nimwambie kuwa umri wake haumruhusu, kisha nifunge mafunzo. Mimi siamini kwamba tatizo ni umri, na siwezi kumdanganya mtu mzima ili nipate amani nyumbani. Lakini pia siwezi kusema kwa moyo mweupe kwamba yuko tayari. Wenzake katika kikundi wanasubiri kuona nitaamua nini, na mmoja wao, ambaye anaendesha vizuri tu, anaogopa hata kutoka nje ya geti la shule.

Nikimkataza, nimemvunjia heshima mtu aliyenipokea kama mdogo wake wa tumbo moja. Nikimwachia akagongwa, sijui nitaishije. Nishauri.

Mwalimu wa Jumapili, Tabata

Jibu la Mshauri

Mpendwa Mwalimu wa Jumapili,

Pole kwa mzigo huu, na hongera kwa kazi unayoifanya bila malipo. Kuwatoa wanawake watu wazima kwenye woga wa miaka mingi na kuwafikisha mahali pa kuzunguka uwanja peke yao si jambo dogo, na njia unayoitumia ni ya asili kuliko unavyoweza kudhani. Mashine ya kwanza ya magurudumu mawili, aliyoitengeneza Mjerumani Karl Drais mwaka 1817, haikuwa na pedali kabisa. Mpandaji alijisukuma kwa miguu kama wanavyofanya wanafunzi wako, na pedali zilikuja kuenea kutoka Ufaransa katika miaka ya 1860. Kwanza watu walijua kujimudu juu ya magurudumu, kisha wakajua kukanyaga. Wewe umewafundisha kwa mpangilio huohuo, na ndiyo maana wifi yako amefika alipofika haraka.

Katika barua yako ninaona mambo mawili yamechanganyika, na ningependa tuyatenganishe. La kwanza ni la ufundi: je, mwanafunzi huyu ana ujuzi wa kuhimili barabara anayoitaka? La pili ni la kifamilia: ni nani mwenye haki ya kuamua, na nani atabeba lawama? Unayajibu yote mawili kwa neno moja, ama kumkataza ama kumwachia, na nadhani hapo ndipo unapobanwa.

Nianze na la ufundi, kwa sababu umelieleza kwa jicho la mwalimu wa kweli. Hukusema kwamba wifi yako "bado bado". Ulitaja vitu vitatu vinavyoonekana: kutazama nyuma bila kuyumba, kusimama kwa breki, na kuendesha kwa mkono mmoja. Havitegemei umri wala ujasiri, na kila kimoja kina zoezi lake.

Kutazama nyuma ndiko kunakostahili muda mwingi zaidi, kwa kuwa hizo hatua mbili za kuyumba, mbele ya lori, ndizo zinazokunyima usingizi. Sababu yake ni ya mwili tu. Mwanafunzi anapogeuza kichwa, mabega nayo yanageuka, na kwa kuwa mikono imekakamaa, mkono mmoja unavuta usukani. Chora mstari mrefu wa chokaa uwanjani, aendeshe juu yake, nawe usimame nyuma ukiwa umeinua vidole kadhaa. Ukimwita, apeleke kidevu kwenye bega la kulia, ataje idadi ya vidole alivyoviona, kisha arudishe macho mbele. Ni bega la kulia kwa sababu sisi tunapita kushoto na magari yanatupita kwa kulia. Mwambie alegeze viwiko na asikaze viganja, shingo ndiyo ifanye kazi. Mwanzoni atatoka nje ya mstari kila mara, na hilo lisiwatishe. Atakapotaja vidole kwa usahihi huku gurudumu likibaki kwenye chokaa, na akarudia hivyo Jumapili nyingine bila kuyumba, hata yeye atauona ushahidi bila wewe kumwambia neno.

Kwa breki, simama mbele yake pembeni ukiwa na kanga mkononi, aje kwa mwendo wa kawaida, na ukiidondosha kanga asimame. Akamate breki zote mbili kwa pamoja. Ya mbele ina nguvu zaidi, lakini ikikamatwa peke yake kwa ghafla yaweza kumrusha. Miguu ishuke baada ya magurudumu kusimama. Kuachia mkono huanza kwa vidole tu, kisha kugusa goti, halafu ndipo mkono unyooshwe. Wewe unajua kuyafanyia kazi haya polepole, kwa hiyo sitayarefusha.

Hilo la kuendesha upande wa kulia lizungumzeni mapema, maana watu wengi waangalifu huliamini na ni hatari kweli. Ukiyaendea magari uso kwa uso, mwendo wako na wa gari vinajumlishwa, na wewe na dereva mnabaki na muda mfupi zaidi wa kuepana. Tena dereva anayetoka mtaani kuingia barabara kubwa upande wa kushoto hutazama kulia, magari yanakotokea. Hategemei baiskeli itokee upande wa pili. Na wifi yako atakutana na bodaboda zinazopita palepale alipo yeye. Hofu yake, kwamba asilolionea macho litampiga mgongoni, ni hofu ya haki na inastahili jibu. Jibu lake liko kwenye zoezi la vidole, na kwenye kukaa mahali anapoonekana, karibu hatua moja nzima kutoka ukingoni badala ya kubana kwenye mtaro penye mchanga na mashimo yatakayomlazimisha kuchomoka ghafla.

Sasa niruhusu nikuulize maswali machache. Unaandika "barabarani" kana kwamba barabara ni moja. Lakini kutoka kwenye genge lake hadi Buguruni kuna njia za ndani ya mitaa ya Tabata, kuna barabara ya daladala, na kuna Mandela yenyewe, na malori yake ya bandarini. Je, anahitaji kuwa tayari kwa zote siku moja? Kuna mtu anayeweza kuendesha mitaa ya ndani leo, akashuka na kuikokota baiskeli anapovuka Mandela pamoja na waenda kwa miguu, na akaendelea hivyo miezi mingi bila aibu yoyote. Uzoefu wake wa kuivuka Mandela, alioutaja, ni wa kweli, ila aliupata akiwa kwa miguu, na kwa namna hiyo hiyo bado unaweza kumfaa.

Swali la pili ni la hatari anayoiishi sasa. Mume wako anazungumza kana kwamba dada yake yuko salama mpaka atakapopanda baiskeli. Mtu anayepanda bodaboda mbili kila siku, moja ikiwa gizani, hayuko nje ya hatari; tofauti ni kwamba hatari hiyo familia imeizoea na mwenye kushika usukani ni mwingine. Sisemi kwamba baiskeli ni salama zaidi kwenye njia ile. Ninasema tu kwamba mnapopima, pimeni pande zote mbili.

Na giza lenyewe ni jambo la kuzungumza. Saa kumi na moja alfajiri Dar es Salaam ni giza mwaka mzima, na dereva wa lori hamwoni mtu aliyevaa dera la rangi nzito asiye na taa. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma, na kizibao cha kung'aa si mapambo. Hata hivyo taa haiondoi mashimo asiyoyaona yeye mwenyewe. Kwa mwanafunzi mpya ningependa safari za mwanzo zifanyike mchana. Najua kwamba sokoni anayechelewa hukuta nyanya nzuri zimekwisha, na gharama hiyo ataibeba yeye, si mimi wala wewe, kwa hiyo ni yeye wa kuipima.

Tuziangalie basi njia zilizo mbele yako, nami nitasema ninachokiona kibaya katika kila moja. Ukimkataza kabisa, unaweza kupata utulivu wa wiki chache. Lakini baiskeli ni yake, na mtu aliyelea na kusomesha kwa fedha za genge hakuzoea kuomba ruhusa. Ninachokihofia ni kwamba ataondoka alfajiri moja bila kukuambia, akiwa na yale mapengo matatu, na utakuwa umepoteza nafasi ya kumfundisha. Ukimwachia kwa kunyamaza, atachukua ukimya wako kuwa ni cheti, na wanafunzi wengine nao watauchukua hivyo. Ukiandamana naye, wewe ukiwa nyuma yake na kulia kidogo ili ujiweke kati yake na magari, atapata mtu wa kumwita na kumtuliza. Lakini mwanafunzi anayejua kuna mtu nyuma huacha kutazama nyuma mwenyewe, na wewe una cherehani inayokusubiri na watoto wa kuwaandaa kwenda shule. Kama utaandamana naye, mwambie tangu mwanzo safari hizo zina mwisho, na katika baadhi yake usiseme chochote, umwache aamue mwenyewe.

Ipo pia njia ya katikati: aendeshe kwenda na kurudi, na mzigo uendelee kuja na guta kama sasa. Nauli za bodaboda zinaokolewa, na hakuna tenga kwenye keria. Mzigo nyuma hubadilisha kila kitu alichojifunza. Baiskeli huwa nzito kuondoka, huyumba inapokwenda polepole, na huchelewa kusimama. Kama baadaye atataka kubeba, ajifunze hilo uwanjani kwanza, na kitu chepesi kilichofungwa vizuri kwa mpira. Ubaya wa njia hii ni kwamba inamtaka avumilie, naye ameshatangaza tarehe mbele ya watu, na kurudi nyuma kwa jambo lililotangazwa humgusa mtu mzima heshima yake. Angalia kama unaweza kumsaidia aitimize tarehe hiyo kwa safari fupi ya mitaani badala ya safari nzima ya Buguruni.

Nikija kwenye familia, nakuomba ufikirie kama ni kweli kwamba kumfundisha mkubwa ni kumvunjia heshima. Yeye mwenyewe alikuja uwanjani, akakubali kushushiwa kiti na kufunguliwa pedali mbele ya wanawake wadogo kwake. Heshima hiyo amekupa wewe. Labda anachokikataa ni kuambiwa "hujawa tayari" na mtu ambaye hajaiona njia yake. Wewe unamjua akiwa uwanjani. Safari yake ya alfajiri huijui. Je, ingekuwaje ukimwomba akutembeze? Mwende kwa miguu kutoka genge hadi Buguruni, yeye akiwa kiongozi, akuonyeshe daladala zinapochomoka, malori yanapokata kona, na mahali maji yanapotuama wakati wa masika. Unaweza kumwambia: "Shikamoo wifi, nataka nikufundishe kwa njia yako unayopita, lakini siijui. Naomba unionyeshe." Mkifika penye malori, mweleze kwamba asijipenyeze kushoto mwa lori linalosubiri kukata kona ya kushoto, kwa kuwa dereva hamwoni pale. Yeye ndiye atakayekuambia ni wapi anaona ataendesha na wapi atashuka, na yawezekana atajiwekea mipaka mikali kuliko yako.

Kuhusu lawama, sitakudanganya kwamba hazitakuja kama jambo baya likitokea. Zinaweza kuja hata kama umefanya kila kitu vizuri. Unachoweza kukilinda ni ukweli wa neno lako: kwamba ulimwambia waziwazi, mbele ya mdogo wake, kile anachokiweza na kile ambacho bado. Uamuzi wa kutoka ni wake, na wewe si mlinzi wa geti. Lakini pia huna wajibu wa kusema "uko tayari" kama moyo wako haujakubali, na unaweza kukataa kulisema neno hilo bila kumkataza chochote.

Huyo mwanafunzi wako mwingine, anayeendesha vizuri na kuogopa geti, msimsahau katika mjadala huu. Yeye ana ujuzi na amekosa kujiamini. Wifi yako ana kujiamini na ujuzi bado unajengwa. Kwenye zoezi la chokaa wawekeni pamoja, na kwenye mtaa ulio kimya nyuma ya shule, Jumapili asubuhi, watoke pamoja. Sijui ni nani kati yao atakayemfaa mwenzake zaidi.

Limebaki la mume wako. Hasira yake ninaisoma kama woga wa mtu aliyewahi kumpoteza mama na hataki kumpoteza aliyeshika nafasi yake. Ukimjibu kwa hoja za usalama pekee hatakusikia. Mwambie kwanza kwamba unaujua woga huo na unao pia wewe. Kisha mpe sehemu ya kazi, maana mtu mwenye hofu asiye na la kufanya hubaki na kukataza tu. Baiskeli ya mtumba inahitaji kukaguliwa kabla haijatoka nje ya uwanja, naye anaweza kuipeleka kwa fundi: raba za breki zibadilishwe kama zimekwisha, waya za breki zikazwe, cheni ipate kava lisilonasa dera, na taa zifungwe mbele na nyuma. Anunue pia kofia ngumu inayokaa sawasawa, iliyofunika paji la uso hadi vidole viwili juu ya nyusi. Na kiti fundi akiache chini kidogo kwa wiki za mwanzo, ili dada yake afikishe miguu chini kila anaposimama.